Nukta Moja

Asubuhi ya kwanza Chongqing, Dagva
alitandaza ramani kitandani, akailainisha kwa kiganja
kama anavyomtuliza farasi aliyeshtuka.
"Sentimita nne tu," akasema. "Tutatembea."

Hakuna aliyetuambia kwamba ramani imelala
na mji umesimama.

Sisi ni watu wa nyika, kule Mongolia.
Kwetu mtu akiondoka alfajiri
unamwona hadi adhuhuri, anazidi tu kuwa mdogo,
na kama ulisahau kumgombeza, bado una nafasi.
Hapa tulitoka hotelini, tukavuka daraja,
tukaingia duka la viatu, tukachungulia dirishani:
orofa kumi na moja chini yetu,
na chini kabisa barabara nyingine,
ina mabasi yake, ina jua lake hafifu.
Muuzaji akacheka bila kutudharau.
"Hapa ni chini," akasema. "Na pale nako ni chini."

Treni ikapita tumboni mwa jengo la watu.
Juu yake mama mmoja alikuwa akianika soksi,
wala hakugeuka.
Dagva akavua kofia, sijui kwa heshima ya nani,
treni au soksi.

Saa sita goti lake la kushoto likagoma.
"Wewe panda. Mimi nakusubiri hapa penye ngazi."
Nikapanda. Vidato mia tatu na kumi na viwili;
nilivihesabu ili nije nimlaumu kwa takwimu.
Kileleni palikuwa na ukungu,
na kijana aliyetaka yuani kumi
anipige picha nikiwa na ukungu.

Nikashuka. Penye ngazi palikuwa pengi.

Simu ikalia. "Niko hapa," akasema.
"Hata mimi niko hapa."
Tukatumiana mahali. Nukta yake nyekundu
ikaja polepole, ikakaa juu ya yangu,
unywele usipite.
Nikageuka huku na huku. Nguzo. Pipa.
Mwanamke anakaanga tofu.
"Inua mkono!"
"Nimeinua."
Nikainua wangu. Tukasimama hivyo,
mikono hewani, katika nukta moja,
mimi peke yangu na yeye peke yake.

Husemwa milima haikutani, binadamu hukutana.
Hapa milima imekutana hadi inakanyagana
na sisi wawili ndio tumekosana.

Miaka thelathini na minne
tumelala hema moja la sufu, chini ya blanketi moja.
Kipupwe kile alipotutoka Soyol
mimi nilikuwa orofa ya chini kabisa.
Nilimsikia Dagva juu yangu akitembea,
akichochea moto, akikoroga chai ya chumvi,
nikasema moyoni: huyu hajali.
Sikuwahi kufikiri
kwamba labda alikuwa ameinua mkono.

Aliyenisaidia ni mpagazi, mzee Qiu,
mti wake wa mwanzi begani.
Akaitazama simu, akanitazama mimi,
akagonga sakafu kwa mwanzi mara mbili
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.
Kisha akanionyesha vidole vinane
na mlango wa lifti inayonuka pilipili.

Dagva alikuwa pale, mkono bado juu.
Mwingine umeshika bakuli la tambi,
nusu ameila, nusu imepoa upande wangu.
"Ulikuwa chini," nikamwambia.
"Chini ipi?"

Nilitaka kumuuliza habari za kipupwe kile.
Nikamuuliza goti.
"Linauma," akasema. "Tangu siku zile."
Hakusema zipi. Akanifutia kijiti kwa mkono wa shati,
akanipa, akanitazama ninavyokula.

Tulirudi kwa teksi. Dereva alizunguka
nusu saa nzima, akapanda, akashuka, akapanda.
Ramani ilikuwa magotini mwa Dagva, imekunjwa.
Sentimita nne.